Tacitus hakuwa mlokole

Jamaa zangu Waislamu, najua mnapita hapa kimya kimya, mnasoma na kuondoka bila kuaga. Wiki hii sina habari za bumu kuchelewa wala foleni ya kafteria. Nina neno la imani, na naomba mnivumilie maana ni refu kidogo. Mwenye njaa akale kwanza.

Neno lenyewe ni hili: sisi Wakristo wa chuo tumekuwa wavivu wa ushahidi. Tunameza kila kinachotumwa kwenye kundi la WhatsApp alimradi mwishoni kimeandikwa Amina, halafu vitu vya kweli, vilivyochimbwa ardhini vikawekwa makumbusho, hatuvijui hata kwa jina. Na wengi wetu kila Jumapili tunasimama kukiri imani, na katikati ya ungamo tunamtaja Pontio Pilato. Mmewahi kujiuliza yule liwali wa Kirumi anatafuta nini mle ndani? Kwa mtazamo wangu yumo kama tarehe. Waliotunga ungamo walitaka ijulikane kwamba jambo hili lilitokea kwenye utawala wa mtu fulani, mkoa fulani, siku ambazo watu walikuwa wanalipa kodi na kesi zinasikilizwa. Sasa ukishataja jina la mkuu wa mkoa umejileta mwenyewe mahakamani. Kubali kuulizwa maswali.

Kilichonisukuma kuandika ni semina moja ya mwezi uliopita. Ushirika siutaji, na wala msinitumie meseji za kubahatisha. Kijana wa mwaka wa kwanza, mpole tu, anasoma uhandisi, alinyoosha mkono akauliza: je, kuna mtu yeyote asiye Mkristo, wa zamani zile, aliyeandika habari za Yesu? Swali la adabu kabisa. Akajibiwa kwamba hiyo ni roho ya mashaka, aiombee, na kwamba heri wasioona wakasadiki. Kisha mnenaji akawasha projekta akatuonyesha magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu, na akatusimulia jinsi kompyuta za NASA zilivyogundua siku iliyopotea, ile ambayo jua lilimsimamia Yoshua. Watu wakapiga vigelegele.

Kijana akarudi hosteli akatafuta kwenye simu yake. Haikumchukua muda. Ile ya NASA ni hadithi iliyozunguka Marekani tangu karibu mwaka 1970, na NASA wenyewe walishaikana. Ya magurudumu ilienezwa na Mmarekani aitwaye Ron Wyatt, aliyefariki mwaka 1999, mtu ambaye kazi yake ilikuwa uuguzi wa dawa za usingizi, na ambaye alidai pia ameona safina ya Nuhu na sanduku la agano. Hakuna gurudumu hata moja lililowahi kufikishwa mbele ya wataalamu likathibitishwa. Wiki mbili baadaye nilimkuta kijana kimbwetani nikamuuliza mbona haonekani. Akaniambia, "Kaka, kama kwenye gurudumu wamenipiga kamba, kwenye kaburi tupu nitawaaminije?"

Tulikaa pale mpaka mlinzi akaja kutufukuza. Mengi ya hapa chini ndiyo tuliyoongea.

Kwanza tumalize hilo la heri wasioona, maana linatumika vibaya mno. Ni Yohana 20:29, Yesu anamwambia Tomaso. Sawa. Lakini soma aya mbili zinazofuata: mwandishi anasema ameandika ishara hizi ili msomaji apate kuamini. Yaani asiyeona anapewa maneno ya walioona. Hajaambiwa afumbe macho. Luka naye anaanza kitabu chake kwa kumwambia Theofilo kwamba amechunguza kila kitu kwa bidii tangu mwanzo, tena kwa kuwategemea waliokuwa mashahidi wa macho. Na Paulo akiwa kizimbani mbele ya Festo na Agripa (Matendo 26) anamwambia Festo kwamba mambo haya hayakutendeka pembeni. Mtu anayetaka usiulize hasemi hivyo.

Haya, twende kwa mashahidi wa nje.

Mimi nasoma sheria, na muhula huu tuna somo la Ushahidi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 imenitoa jasho kweli kweli, ila imenifundisha kitu kimoja: shahidi mwenye thamani kubwa mara nyingi ni yule ambaye hana sababu ya kukupendelea. Ndugu yako akisema ulikuwa nyumbani, hakimu anaandika tu. Adui yako akisema ulikuwa nyumbani, hakimu anainua kichwa.

Tacitus ni wa aina hiyo. Mwanahistoria wa Kirumi, seneta, mtu mkubwa serikalini. Kwenye kitabu chake cha Annales, alichokiandika kama mwaka 116, anaeleza moto ulioteketeza Roma mwaka 64 na jinsi Kaisari Nero alivyowasingizia Wakristo ili yeye aepukane na lawama. Akifika hapo inabidi awaeleze wasomaji hao Wakristo ni akina nani. Anasema jina lao linatokana na Kristo, aliyeuawa enzi za Tiberio kwa hukumu ya Pontio Pilato, na kwamba kadhia hiyo ilitulizwa kwa muda kisha ikalipuka tena, Uyahudi kwanza na baadaye Roma kwenyewe. Anaiita ushirikina wenye madhara. Anawadharau kabisa! Tacitus hakuwa mlokole, hakuhudhuria mkesha hata mmoja.

Lakini tuwe wakweli. Tacitus aliandika miaka kama themanini na zaidi baada ya tukio, na hasemi alilipata wapi. Mwanasheria wa upande wa pili atasimama aseme huenda alisikia kwa Wakristo wenyewe. Ni hoja halali. Tena Tacitus anampa Pilato cheo ambacho maliwali wa Uyahudi walikuja kuitwa baadaye. Cheo chake halisi tunakijua kutokana na jiwe lililopatikana mwaka 1961 kule Kaisaria ya pwani, wachimbaji Waitaliano walipokuwa wanafukua jumba la maonyesho la Kirumi. Watu wa kale walikuwa wamelichukua jiwe hilo wakalitumia tena kama kipande cha ngazi! Maandishi yake ya Kilatini, ingawa yamevunjika, yana jina la Pilato na cheo chake, prefekti wa Uyahudi, na yanamtaja Tiberio. Sasa liko Israel Museum, Yerusalemu. Kwa hiyo Tacitus aliteleza kwenye cheo, ila mtu, mkoa na Kaisari viko palepale.

Sasa huyu anayefuata ndiye ninayempenda kuliko wote, na nashangaa hatumhubiri. Anaitwa Plinius Mdogo, rafiki wa Tacitus. Kama mwaka 112 alikuwa liwali wa Bithinia na Ponto, ambako leo ni kaskazini ya Uturuki. Alimwandikia barua Kaisari Trajan kuomba ushauri: hawa Wakristo niwafanyeje? Anaeleza utaratibu wake bila aibu. Anamuuliza mtu mara tatu kama ni Mkristo, huku akimtishia kifo. Aking'ang'ania, anauawa. Anayekana anapewa jaribio: aifukizie ubani sanamu ya Kaisari na amlaani Kristo, maana Plinius ameambiwa kwamba Mkristo wa kweli halazimishiki kufanya hivyo.

Hapa ndipo pananisisimua kama mwanafunzi wa sheria. Miongoni mwa walioletwa walikuwamo walioacha Ukristo zamani, wengine hata miaka ishirini nyuma. Hawa ndio waliompa liwali maelezo. Fikiria: wamekwisha kuacha, wamemlaani Kristo mbele ya liwali, hawana tena cha kulinda. Kama kulikuwa na uchafu wa kufichua, hiyo ndiyo siku ya kuufichua. Walichosema ni kwamba walikuwa wanakutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, wanamwimbia Kristo kwa kupokezana kama mungu, na wanaapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi. Baadaye wanakula pamoja chakula cha kawaida. Basi. Plinius hakuridhika, akawakamata wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa, akawatesa ili apate siri. Hakupata kitu ila kile alichokiita ushirikina uliopita kiasi. Majina yao hakuyaandika.

Wale dada wawili huwa nawafikiria sana. Hatuna mfupa wao wala jiwe la kaburi, tuna barua ya mtu aliyewatesa tu.

Barua hiyo inavunja porojo moja inayopendwa na wajuaji wa mtandaoni, kwamba eti Yesu alifanywa mungu kwa kura kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325. Watu wa Bithinia walikuwa wanamwimbia zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Nikea, na anayetuambia ni liwali mpagani. (Plinius analalamika pia kwamba nyama za sadaka zilikuwa zimekosa wanunuzi. Ukitaka kujua dini imeingia mjini waulize wauza nyama, hahaha.)

Wa tatu ni Josephus, Myahudi wa ukoo wa makuhani, mzaliwa wa mwaka 37. Hapa naomba walokole wenzangu tukae vizuri. Kwenye kitabu chake cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, cha kama mwaka 93 au 94, kuna mahali pawili panapomtaja Yesu. Pa kwanza, kitabu cha 18, ndipo tunapopenda kupasoma kwa sauti kubwa, maana panamkiri Yesu kuwa ndiye Kristo na kwamba alifufuka siku ya tatu. Tatizo ni kwamba Josephus hakuwa Mkristo, na Origen, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, anasema wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Wataalamu wengi wanaona aliandika jambo fulani fupi kuhusu Yesu, halafu wanakili Wakristo wakaongeza chumvi. Wapo wanaokataa kipande chote. Mimi kipande hicho sikiweki mezani. Ukileta hati yenye mistari iliyochomekwa, hata mistari iliyo ya kweli inaanza kutiliwa shaka, na lawama ni ya ndugu zetu wenyewe wa zamani waliodhani wanamsaidia Mungu.

Pa pili, kitabu cha 20, ni pafupi na pakavu, na ndipo penye uzito. Josephus anaeleza kwamba mwaka 62, liwali Festo alipofariki na mwingine hajafika, kuhani mkuu Anano alitumia mwanya huo akaitisha baraza na kuwahukumu watu wapigwe mawe. Mmoja wao alikuwa Yakobo, ndugu yake Yesu aitwaye Kristo. Wananchi wengine wakalalamika, Anano akavuliwa ukuhani. Ona anavyoandika: shida yake ni ya kuhani aliyevuka mipaka ya madaraka. Yesu anatajwa ili kumtofautisha Yakobo huyu na akina Yakobo wengine. Na mwaka huo Josephus alikuwa kijana wa miaka kama 25, kwao ni Yerusalemu hapohapo.

Mwenzangu wa chumba ni Mwislamu wa Tanga, msomi hasa wa dini yake, na tunabishana vizuri bila kununiana. Siku moja aliniambia, "Ndugu yangu, sisi hadithi yoyote tunauliza sanadi. Nani kapokea kwa nani, na walionana wapi? Nyinyi sanadi yenu iko wapi?" Nikasema hilo swali ni zuri kuliko yote niliyosikia ushirikani.

Sasa msikilizeni Paulo. Kwenye Wakorintho wa Kwanza 15 anasema anawakabidhi yale aliyopokea na yeye: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akaonekana kwa Kefa, kwa wale Thenashara, kwa watu zaidi ya mia tano ambao wengi wao bado wako hai, kisha kwa Yakobo. Aliyapokea kwa nani? Kwenye Wagalatia 1 anaeleza kwamba alipanda Yerusalemu akakaa na Kefa siku kumi na tano, akamwona na Yakobo, ndugu yake Bwana. Yakobo! Huyuhuyu ambaye Josephus, asiyekuwa na habari na Paulo, anatuambia aliuawa Yerusalemu mwaka 62. Mwenzangu alikaa kimya kidogo, akasema, "Hapo una jina." Hakukubali mengine, ana imani yake na anaijua. Ila jina alikubali.

Na tarehe je? Hapo tunakwenda Delfi, Ugiriki. Kuna barua ya Kaisari Klaudio iliyochongwa kwenye jiwe, vipande vyake vilichapishwa mwaka 1905, na inamtaja Galio kama liwali. Kwa kuhesabu heshima alizokuwa amepewa Klaudio hadi siku ile, wataalamu wanaiweka mwaka 52. Matendo 18 inasema Paulo alishtakiwa mbele ya Galio huko Korintho. Kwa hiyo tunajua Paulo alikuwa Korintho miaka ya 50 hadi 52 hivi, na barua yake kwao ikaandikwa miaka michache baadaye, kama mwaka 54 au 55. Kutoka kusulubiwa ni kama miaka ishirini na kitu. Mwalimu Nyerere alifariki mwaka 1999. Hebu jaribu leo kuandika kwamba watu mia tano walimwona Mwalimu sehemu fulani baada ya mazishi, na wengi wako hai, nendeni mkawaulize. Utaulizwa majina kabla hujamaliza sentensi.

Kuna wanaosema mambo ya kale hayawezi kujulikana kabisa. Hao hao kwenye somo la Historia wanakubali bila shida kwamba Kilwa ilikuwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wanakubali kwa nini? Kwa sababu tarihi ya Kilwa yenyewe inamtaja, mgeni Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 anamtaja, na sarafu zenye jina lake zimeokotwa. Maandiko ya wenyeji, mgeni aliyepita, na kitu cha kushikika mkononi. Mimi naomba kipimo hichohicho tu, kisizidi wala kisipungue.

Sasa upande mwingine, maana nisipousema nitakuwa nafanya kama yule mnenaji. Hakuna hata mmoja kati ya hawa wa nje aliyeona ufufuo. Jiwe la Pilato linathibitisha Pilato, kaburi halimo. Plinius anathibitisha kwamba watu waliimba, hawezi kuthibitisha kwamba aliyeimbiwa yu hai. Hata wale waliokufa kwa ajili ya imani wanathibitisha kwamba walisadiki kwa moyo wote. Kwa Kiswahili chetu wote tunawaita mashahidi, aliyeuawa na aliyesimama kizimbani, lakini mahakamani kuna tofauti ya anayefia alichoambiwa na anayefia alichokiona. Hao wa pili ni wachache na habari zao nyingi zimo ndani ya Biblia yenyewe. Mashahidi wa nje wanakufikisha mlangoni: mtu huyu aliishi, aliuawa hapa, na huyu, na wafuasi wake muda mfupi baadaye walikuwa wanasema hivi bila kuyumba. Kuingia ndani ni jambo lingine, na mimi niliingia kwa sababu zaidi ya hizi. Ila nisingethubutu kuingia nyumba ambayo haina anwani.

Na tujihadhari, maana uzushi wenye suti upo pia. Mwaka 2012, kwenye mdahalo huko Marekani, ilitangazwa kwamba kimepatikana kipande cha Injili ya Marko cha karne ya kwanza. Nakumbuka bado kuna watu wanakihubiri. Kilipochapishwa mwaka 2018 kikawa cha mwishoni mwa karne ya 2 au mwanzo wa 3. Bado ni hazina, lakini si kile kilichotangazwa. Museum of the Bible ya Washington ilikuwa na vipande 16 vilivyosemekana ni vya magombo ya Bahari ya Chumvi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ukaonyesha vyote ni bandia, na makumbusho yenyewe ndiyo iliyoagiza uchunguzi na kutangaza matokeo. Hilo nawapa heko. Wanaotupinga nao hawakosi yao: mwaka huohuo wa 2012 profesa wa Harvard alitangaza papiri inayomtaja mke wa Yesu, na kufikia mwaka 2016 yeye mwenyewe alikubali kwamba ushahidi unaelekea kwenye kughushi. Na ile picha ya mifupa ya jitu jangwani, ambayo Wakristo wanaituma kama Wanefili na Waislamu wanaituma kama kaumu ya Adi, ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 kwa ajili ya mashindano ya picha. Angalau hapo dini zote mbili tumepigwa sawasawa.

Nimewapelekea viongozi wa ushirika pendekezo moja: kila picha kabla haijarushwa ukutani, mleta picha aseme kitu hicho kiko makumbusho gani na nani alikichunguza. Akishindwa, tuimbe pambio moja zaidi badala yake. Wamesema watalijadili kwenye kikao. Yule kijana wa uhandisi naye kaniomba barua ya Plinius aisome mwenyewe, na nimemtafutia. Kurudi ushirikani hajarudi.

Mnaonaje wadau? Hasa nyinyi wa Historia, kama kuna mahali nimemzidishia Tacitus semeni. Mimi naingia kujifungia, mtihani wa Ushahidi ni Jumatano, na mwenye desa la ungamo la mtuhumiwa anitafute chumbani, si kwa simu maana vocha imekwisha.